Maswali ya Wasomaji: Hewani, Njia Fupi Si Lazima Iwe Njia Nzuri

Barua za mwezi huu karibu zote zimeangukia sehemu moja: mitandao ya redio isiyo na mnara wala ruta kuu, ambamo kila kifaa hubeba pakiti, yaani vipande vya data, zake na za wenzake huku vifaa vyenyewe vikihamahama. Vitabuni huitwa MANET. Ili tusirudie maelezo kila mara, tukubaliane maneno matatu. Nodi ni kifaa chochote kilichomo mtandaoni. Mruko ni hatua moja ya pakiti, kutoka nodi hadi kwa jirani yake. Na hodi ni ule ujumbe mfupi ambao nodi huurusha mara kwa mara ili majirani wajue kuwa ipo. Nyaraka rasmi huuandika HELLO, lakini hodi inaeleza kazi yake vizuri zaidi: usipoitikiwa "karibu", mlango haujafunguka.

SWALI: Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni mtandao wa vifaa 30 vya kubebwa na waokoaji, vyote vikiripoti kwa kiongozi wa kikosi. Msimamizi ameniambia nichague kati ya AODV na OLSR, itifaki mbili (kanuni) za kutafutia pakiti njia. Kila makala ninayosoma inavutia kwake. Nichague ipi? (Mwanafunzi wa uhandisi, Dodoma)

JIBU: Zote mbili zilitoka mwaka 2003 katika nyaraka za viwango, RFC, za IETF, jumuiya inayoweka viwango vya Intaneti: AODV mwezi Julai, RFC 3561, na OLSR mwezi Oktoba, RFC 3626. Kinachozitenganisha ni tabia. AODV ni msafiri asiyeuliza njia mpaka awe na safari. OLSR huchora upya ramani ya mji mzima kila baada ya sekunde chache, iwe na safari isiwe nayo. Makala zinapingana kwa sababu kila mwandishi hupanga idadi ya safari inayoipendelea itifaki yake. Chukua kalamu uhesabu mwenyewe.

Kwa mipangilio ya kawaida ya OLSR, kila nodi hupiga hodi kila sekunde 2. Nodi 30 zinatoa hodi 15 kwa sekunde. Juu yake kuna matangazo ya ramani, ambayo hutolewa kila sekunde 5 na zile nodi tu zilizochaguliwa na majirani kuwa wapokezaji, yaani wa kuyarudia matangazo yao. Tuseme wapokezaji ni 10. Matangazo yanayoanzishwa ni 2 kwa sekunde, na kila moja linarushwa mara 10 kabla halijaenea, kwa hiyo 20. Jumla ni marusho 35 kwa sekunde. Rusho la baiti 100 kwa kasi ya megabiti 1, ukijumlisha utangulizi wa fremu na muda wa kusubiri zamu, linakula takriban milisekunde 1.35. Hata kama nodi zote zinashindania anga moja, udhibiti unakula chini kidogo ya asilimia 5 ya muda. Hilo linabebeka.

AODV haina ramani, ila kila msako wa njia hufurika mtandao mzima, yaani marusho 30 au karibu yake. Inaanza na duara dogo kwanza, mruko 1, kisha 3, 5, 7, halafu ndipo inafungulia wote. Duara hilo linasaidia lengo likiwa jirani. Likiwa mbali, umelipia maduara yote madogo bure. Nodi zilizo kwenye njia inayotumika nazo hupiga hodi kila sekunde 1. Zikiwa 12, umebakiwa na nafasi ya marusho 23 kabla ya kufikia gharama ya OLSR, yaani hata msako 1 kwa sekunde haujatimia. Misako kwa sekunde ndiyo namba unayopaswa kuikisia kwanza: ni mazungumzo mapya ukijumlisha njia zinazokatika.

Kisha angalia mwendo. OLSR humfuta jirani asiyesikika kwa sekunde 6, AODV kwa sekunde 2. Waokoaji wawili wanaopishana kwa miguu, kila mmoja mita 1.5 kwa sekunde, wakiwa na redio zinazofika mita 60, wanasikilizana kwa sekunde 40 hivi. Magari mawili yanayopishana kwa mita 15 kwa sekunde kila moja, redio za mita 200, yanasikilizana kwa sekunde 13 tu. Kwa magari hayo, OLSR isiyorekebishwa itakuwa inatuma pakiti kwa jirani aliyekwisha kwenda karibu nusu ya maisha ya kiungo. Kipimo chetu ni kwamba muda wa kugundua kuwa kiungo kimekatika usizidi moja ya kumi ya maisha yake. Kwa waendao kwa miguu unapata sekunde 4, kwa hiyo shusha hodi ya OLSR hadi kama sekunde 1.3. Kwa magari ungelazimika kupiga hodi kila sekunde 0.4, na hapo ni afadhali kadi ya redio ikuambie yenyewe kwamba fremu (pakiti ilivyofungashwa kwa hewani) imekosa risiti, yaani jibu la jirani kwamba ameipata. Ila usikate njia kwa risiti moja iliyokosekana: msongamano na kiungo kilichokatika vinafanana kabisa kwa mtazamo wa kadi.

Kwa kikosi chako, ambapo wote wanaripoti kwa mtu mmoja na wanatembea kwa miguu, sisi tungechukua OLSR. Vizuri zaidi ni toleo la pili, RFC 7181 la 2014, kwa kuwa hubeba vipimo vya ubora wa viungo badala ya kuhesabu miruko tu. AODV iweke ya kulinganishia. Kwa nini kuhesabu miruko hakutoshi, soma jibu la fundi anayefuata.

SWALI: Nimefunga ruta sita za 2.4 GHz zenye OpenWrt (mfumo huria wa ruta) kwenye mabweni, zinapokezana zenyewe. Ping, ile pakiti ndogo ya majaribio, inapita vizuri lakini kupakua faili kunakwama. Nikitazama njia, ruta ya mwisho inaruka moja kwa moja hadi ya kwanza badala ya kupitia ya katikati. Nimepandisha nguvu ya kurusha hadi mwisho na tatizo limezidi. (Fundi, Mombasa)

JIBU: Hilo la kuzidi baada ya kupandisha nguvu ndilo linalotoboa siri, fundi. Itifaki yako inahesabu miruko, na anayehesabu miruko hupenda miruko mirefu. Miruko mirefu ndiyo dhaifu. Ulipoongeza nguvu, hodi zilifika mbali zaidi, na itifaki ikapata viungo dhaifu zaidi vya kuchagua.

Tatizo ni kwamba hodi na data havisafiri kwa mtindo mmoja. Hodi ni fupi, hurushwa kwa wote kwa kasi ya chini kabisa, kwa 2.4 GHz mara nyingi megabiti 1, kasi ambayo husikika mbali. Data hurushwa kwa megabiti 24, 54 au zaidi, na pakiti ni ndefu. Watafiti wa vyuo vikuu vya Uppsala na Basel waliupima ukanda huo mwaka 2002 wakauita eneo la kijivu: hodi inafika, data haifiki. Urefu peke yake unatosha kuleta tofauti. Chukua kiungo kinachoharibu biti moja kati ya 10,000. Hodi ya baiti 60 ina biti 480, nayo itafika salama mara 95 kati ya 100. Pakiti ya baiti 1,500 ina biti 12,000, nayo itafika mara 30 tu. Ping ya kawaida ya Linux hubeba baiti 56 za data, ndiyo maana inakupa matumaini.

Dawa ni kupima ubora wa kiungo, si kuwepo kwake. Kipimo kinachotumika zaidi ni ETX, kilichotolewa na watu wa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2003: idadi ya marusho inayotarajiwa ili pakiti moja ifike na risiti irudi. Fomula yake ni 1 ÷ (mbele × nyuma), ambapo mbele ni sehemu ya hodi zako zinazomfikia jirani, na nyuma ni sehemu ya zake zinazokufikia. Tuseme kiungo chako kirefu kinapitisha 0.5 mbele na 0.6 nyuma. ETX yake ni 1 ÷ 0.3, yaani 3.33. Viungo viwili vifupi vya 0.95 kila upande vina ETX ya 1.11 kila kimoja, jumla 2.22. Njia ya miruko miwili imeshinda, na kwa mbali.

Fanya hivi kwa mpangilio. Kwanza pima kila jozi ya majirani kwa ping -s 1400 -c 200, uandike kiasi kinachopotea. Ping haitenganishi kwenda na kurudi, lakini upande mmoja unaweza kuwa mzuri na mwingine mbovu. Ruta yenye nguvu nyingi husikika na wengi isioweza kuwasikia, nayo ni hodi bila karibu. Pili, shusha nguvu hadi kiungo kirefu kibovu kitoweke kwenye orodha ya majirani. Tatu, pandisha kasi ya matangazo: kwenye /etc/config/wireless weka mcast_rate iwe 12000, hesabu ni ya kilobiti, ili hodi ifanane na data kwa masafa. Nne, hakikisha itifaki inatumia kipimo. Kwenye olsrd, programu ya OLSR, ni LinkQualityLevel 2. Babel, itifaki nyingine ya njia, hutumia ETX yenyewe kwenye redio, lakini ina mtego mmoja: ukiiunganisha redio na waya ndani ya daraja la br-lan, programu yake babeld huliona daraja kama waya na kukipa kila kiungo gharama ya waya. Mwambie waziwazi, type wireless, au mpe kiolesura cha redio chenyewe. Kwa batman-adv, itifaki nyingine tena, mtego uko kwenye MTU (ukubwa wa juu wa pakiti), kwa sababu inaongeza kichwa chake juu ya fremu. Ukiacha 1500, pakiti kubwa hukatwa vipande na kasi huporomoka bila njia kubadilika. Kumbukumbu za kernel, kiini cha Linux, zitakutajia ukubwa unaofaa, mara nyingi 1532, kama kadi inakubali.

Tano, usiache njia iyumbe. ETX ya awali ilipima hodi moja kwa sekunde kwa dirisha la sekunde 10, ambapo hodi moja iliyopotea hubadilisha kipimo kwa asilimia 10 ya upande huo. Kwa ruta zilizofungwa ukutani, panua dirisha hadi dakika moja au mbili na ubadili njia pale tu mpya inapokuwa bora kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 20. Kwa vifaa vinavyotembea huna anasa hiyo.

Jambo moja ETX hailijui ni kasi. Kiungo cha megabiti 6 kisichopoteza kitu kinaonekana bora kuliko cha megabiti 54 kinachopoteza kidogo. Mwaka 2004 watafiti wa Microsoft waligawa ETX kwa kasi ya kiungo na kupata muda wa hewani, kipimo walichokiita ETT. Ruta zako zikichanganya vifaa vya zamani na vipya, hicho ndicho kipimo cha kutafuta.

SWALI: Kwa nini kila nikiongeza mruko kasi inashuka nusu? Ni itifaki mbovu? (Msomaji, Kigali)

JIBU: Itifaki haina kosa. Redio moja kwenye chaneli moja haiwezi kupokea na kurusha kwa wakati mmoja, kwa hiyo ruta ya katikati hugawa muda wake mara mbili. Kwenye mruko wa tatu unagawa kwa tatu, kwani nodi tatu za mwanzo husikiana. Baada ya hapo kushuka hupungua, kwa sababu nodi zilizo mbali zinaweza kurusha kwa pamoja. Kwa mnyororo mrefu ulio kamili kinadharia unabakiwa na robo ya kasi ya kiungo. Utafiti wa MIT wa mwaka 2001 uliona redio za 802.11 zikibakiwa na karibu moja ya saba, kwa kuwa nodi za mwanzo huingiza pakiti nyingi kuliko ambazo zinazofuata zinaweza kuzipitisha. Kama unataka kushinda hilo, funga redio mbili kila kituo, 5 GHz kwa uti wa mgongo na 2.4 GHz kwa watumiaji, na uwape vituo vinavyofuatana chaneli tofauti. Hakuna programu itakayokufanyia hivyo.

SWALI: Nikiwasha nodi moja moja mtandao unapanda. Umeme ukikatika na kurudi, zote zikiwaka pamoja, unachukua dakika kadhaa au haupandi kabisa. (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: Saa zao zimeshikana. Zote zilianza kuhesabu sekunde 2 kwa wakati mmoja, kwa hiyo zote zinapiga hodi kwa wakati mmoja, na hodi za kurushwa kwa wote hazina risiti wala hazirudiwi. Zikigongana ndiyo basi. Kila muda wa kurusha utoe kiasi cha kubahatisha kati ya 0 na robo ya muda wa hodi, yaani hadi sekunde 0.5 kwa hodi ya sekunde 2. Ndivyo OLSR inavyoagiza, na RFC 5148 ya 2008 inaeleza kwa kina. Fanya hivyo kila hodi, si ya kwanza pekee. Ukiwa umeandika itifaki yako mwenyewe, weka ucheleweshaji wa kubahatisha pia pale nodi inaporudia tangazo la mwenzake: majirani watano wanaosikia tangazo moja na kulirudia papo hapo watazibana sauti wote. Na angalia mbegu ya namba za bahati. Vifaa vidogo visivyo na saa ya betri huanza na mbegu ileile kila vinapowaka. Tumia anwani ya MAC kama sehemu ya mbegu.

SWALI: Nimeandika itifaki ndogo ya umbali kwa ESP32, kompyuta ndogo yenye redio. Nodi ya mwisho ikizimwa, mbili zilizobaki zinarushiana pakiti hadi TTL (idadi ya miruko iliyoruhusiwa) iishe, na umbali unapanda 3, 4, 5, 6 bila kukoma. (Msanidi programu, Nairobi)

JIBU: Huo ni ugonjwa mkongwe. Tuseme nodi A, B na C zimepangana mstari. B amempoteza C. A, ambaye njia yake ilikuwa inapitia kwa B huyohuyo, anatangaza kuwa anafika kwa C kwa miruko 2. B anaamini, anaandika 3. A anasikia 3, anaandika 4. Kila mmoja anaegemea taarifa aliyoitoa mwenyewe jana.

Tiba ya kwanza ilitolewa na watafiti Perkins na Bhagwat katika itifaki ya DSDV, mwaka 1994. Kila lengo hutoa namba ya mfuatano, na lengo lenyewe peke yake ndilo linaloongeza kwa mbili, kwa hiyo namba zake ni shufwa daima. Anayegundua kuwa kiungo kimekatika hutangaza umbali usio na mwisho kwa namba witiri inayofuata. Taarifa yenye namba kubwa hushinda. Zikilingana, yenye umbali mdogo hushinda. A akija na njia yake ya zamani, namba yake ni ndogo na inatupwa.

Tiba ya pili, ambayo sisi tunaiona rahisi kuikagua, ni ya Babel, iliyoandikwa upya katika RFC 8966 ya 2021. Kumbuka umbali mdogo kabisa ambao wewe mwenyewe umewahi kuutangaza kwa lengo fulani chini ya namba ya mfuatano iliyopo. Usikubali njia ya jirani isipokuwa umbali anaoutangaza uko chini ya huo. Aliye karibu na lengo kuliko ulivyowahi kuwa hawezi kuwa anapitia kwako. Gharama yake ni kwamba wakati mwingine utakataa njia nzuri na kubaki mikono mitupu. Hapo unatuma ombi kwa lengo liongeze namba yake, kisha mlango unafunguka.

Makosa tunayotarajia uyakute kwenye msimbo wako ni mawili. La kwanza ni kulinganisha namba za biti 16 kwa alama ya "kubwa kuliko" ya kawaida. Baada ya 65535 inakuja 0, na mtandao mzima unaikataa nodi hiyo kana kwamba imezeeka. Toa ya zamani kutoka kwenye mpya, matokeo yasome kama namba ya biti 16 yenye alama. Yakiwa juu ya sifuri, ndiyo mpya. La pili ni kuwasha upya. Nodi iliyozimika inasahau namba yake na kuanza na 0. Hifadhi namba kwenye flashi, lakini si kila hodi, utaichakaza. Andika kila baada ya hatua 100 na ukiwaka ruka 100 mbele. AODV hutumia njia nyingine: nodi iliyowaka upya hunyamaza bila kupokezana pakiti za wengine kwa muda, sekunde 15 kwa mipangilio ya kawaida, mpaka kumbukumbu za zamani zifutike kwa majirani. Na usidhani namba za mfuatano zinamaliza kila kitu. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kuwa AODV yenyewe inaweza kuunda kitanzi, kutegemea jinsi unavyozisoma sehemu zenye utata za waraka wake.

SWALI: Matokeo ya uigaji wangu kwenye ns-3, programu ya kuiga mitandao, yanaonyesha pakiti zinafika kwa asilimia 98. Mhadhiri ameyakataa bila maelezo marefu. (Mwanafunzi wa uzamili, Zanzibar)

JIBU: Tunamwelewa. Asilimia za kufika bila gharama ya udhibiti na bila ucheleweshaji ni nusu ya hesabu: kufurisha kila pakiti kwa wote nako hufikisha nyingi, kwenye mtandao mtupu.

Anza na mwendo. Ukitumia mfano wa nodi kuchagua kituo cha kubahatisha na kasi ya kubahatisha, wastani wa kasi hushuka kadiri muda unavyopita, kwa kuwa nodi iliyopata kasi ndogo hukaa safarini muda mrefu. Watafiti Yoon, Liu na Noble waliionyesha hitilafu hii mwaka 2003. Kasi ikiwa kati ya mita 1 na 19 kwa sekunde, wewe unaandika wastani wa 10, lakini mtandao unatulia kwenye 18 ÷ ln 19, yaani mita 6.1. Ukiruhusu kasi ya chini kuwa 0, hautulii kabisa, unaelekea kusimama. Tumia SteadyStateRandomWaypoint iliyomo ndani ya ns-3, na usiweke sifuri.

Pili, mbegu. ns-3 hutumia mbegu ileile kila unapoendesha, kwa hiyo kurudia mara 30 bila kubadili RngRun ni kupiga nakala 30. Badilisha --RngRun kutoka 1 hadi 30 na uchore mipaka ya uhakika ya asilimia 95. Tatu, mawimbi. Duara lenye mpaka mkali, ndani kila kitu kinafika na nje hakuna, halina eneo la kijivu kabisa, kwa hiyo huwapendelea wanaohesabu miruko. Nne, andika toleo la ns-3 na kila kigezo ulichokigusa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 juu ya makala za mkutano wa MobiHoc uliona kuwa chini ya asilimia 15 ndizo zingeweza kurudiwa na mtu mwingine. Huenda mhadhiri wako ameusoma.

SWALI: Nodi moja ikivuta pakiti zote na kuzimeza nitaijuaje? (Msomaji, Goma)

JIBU: Itafute kwa namba yake ya mfuatano. Kwenye AODV, mdanganyifu hujibu kila msako haraka kwa namba kubwa kupita kiasi, nayo itifaki humwamini, kwa kuwa haina ulinzi wowote wa ndani. Funga mlango mapema: tumia usimbaji wa SAE (wa nenosiri la pamoja) kwenye redio, au Babel yenye sahihi za ufunguo wa pamoja, RFC 8967. Hivi vinamzuia mgeni. Mwenye ufunguo aliyeharibika havimzuii, na huyo hugunduliwa kwa kuhesabu pakiti zilizoingia kwake na zilizotoka.

SWALI: Tuna mitumbwi 40 ya uvuvi. Tunafikiria redio za LoRa (za masafa marefu na kasi ndogo) zenye programu ya Meshtastic kwa mahali ilipo mitumbwi na ujumbe wa dharura. Je, tutafute programu yenye OLSR ili iwe bora zaidi? (Kikundi cha wavuvi, Ukerewe)

JIBU: Hapana, na hesabu ya jibu la kwanza inaeleza kwa nini. Kwenye LongFast, mpangilio wa kawaida wa Meshtastic, LoRa husafirisha takriban kilobiti 1.07 kwa sekunde. Pakiti ya baiti 50 inakaa hewani kama sekunde 0.64. Marusho 35 ya OLSR kwa sekunde yangehitaji sekunde 22 za hewa ndani ya kila sekunde moja. Kwenye anga jembamba hivi, kutojua ramani ni nafuu kuliko kuichora.

Meshtastic husambaza ujumbe wa kundi kwa mafuriko yenye adabu. Nodi inayosikia pakiti husubiri kidogo kabla ya kuirudia. Aliyeisikia kwa udhaifu, ambaye huenda yuko mbali, husubiri muda mfupi zaidi, na anayesikia mwenzake ameshairudia hunyamaza. Idadi ya miruko ni 3 kwa kawaida na kikomo ni 7. Iacheni 3. Mkipandisha hadi 7 kila mtu, mnaongeza marudio ya kila pakiti bila kuongeza masafa ya mtumbwi wowote.

Hesabuni hewa yenu kabla ya kununua. Mitumbwi 40, kila mmoja ukituma mahali ulipo kila dakika 15, na kila pakiti ikirudiwa mara 5, ni 40 × 6 × 0.64 ÷ 900, yaani asilimia 17 ya muda. Hapo mko salama. Mkituma kila dakika 3 inakuwa asilimia 85, na ujumbe wa dharura hautapata pa kupita. Kama mnataka mara nyingi zaidi, wekeni mtumbwi utume pale tu unapokuwa umesogea umbali fulani.

Juu ya maji, urefu wa antena ni kila kitu. Upeo wa redio kwa kilomita ni 4.12 × (√h1 + √h2), urefu ukiwa kwa mita. Antena mbili za mita 2 hufikia kilomita 11 na ushee, na hiyo ni kabla mawimbi ya ziwa hayajapunguza. Antena ya mtumbwi ya mita 2 na ya nchi kavu ya mita 15 hufika karibu kilomita 22. Kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwenye kituo kimoja au viwili juu ya kilima au mlingoti ufukweni, na hivyo pekee ndivyo vipewe jukumu la ROUTER. Mitumbwi yote ibaki CLIENT. Mkiipa mitumbwi jukumu la ROUTER, kila mmoja utarudia pakiti bila kunyamaza na hesabu ya juu itavunjika.

Masafa ya redio hizi hutofautiana, kuna za 433, 868 na 915 MHz, na hazibadilishiki kwa programu tu. Ulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, yapi yanaruhusiwa kabla ya kuagiza. Zikifika, msiiwashe redio yoyote bila antena, kwa sababu kirushio huungua. Viungio vya antena vifungeni kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, na waya wa antena uwe mfupi iwezekanavyo, redio ikae juu karibu na antena na waya wa betri ndio ushuke.